Barua ya malalamiko: matairi mepesi ya tyubulesi yanayochanika ubavuni

Mto wa Mbu,
Wilaya ya Monduli,
Arusha.
9 Septemba 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

YAH: MATAIRI 12 YA BAISKELI YA TYUBULESI TULIYONUNUA KWENU TAREHE 20 JUNI 2025

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwongoza watalii kwa baiskeli. Tuko wanne, na kwa pamoja tunamiliki baiskeli sita za kukodisha wageni wanaotaka kwenda Selela, Engaruka na, kwa wenye nguvu, mpaka Ngaresero karibu na Ziwa Natron. Tarehe 20 Juni tulinunua kwenu matairi 12 ya tyubulesi, yaani yasiyo na tyubu ndani, upana wa milimita 40, kwa shilingi 165,000 kila moja. Jumla ni shilingi 1,980,000, fedha tuliyoitunza tangu msimu wa mwaka jana.

Kufikia mwisho wa Agosti, matairi matano kati ya hayo yalikuwa yameharibika ubavuni. Nimewapigia simu mara mbili. Mara zote mbili nimejibiwa kwamba tairi likichanika ni matumizi ya mteja, halimo kwenye dhamana. Jibu hilo limechanganya mambo mawili tofauti, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Nianze na uzuri wake, maana upo na sitaki kuuficha. Matairi tuliyokuwa nayo kabla yalikuwa ya tyubu, mazito, magumu hata kuyakunja. Barabara ya kutoka hapa kwenda Engaruka ni ya changarawe, na magari yameikunjakunja kama bati. Mgeni wa miaka 60 akiendesha saa mbili juu ya mikunjo ile anashuka akipunga mikono, vidole vimekufa ganzi, na kesho yake haendi. Siku ya kwanza tulipofunga matairi yenu, mama mmoja mgeni ambaye jana yake alikuwa amelalamikia viganja vyake alifika Selela, akanywa maji, akauliza tunaendelea lini. Kwa kazi yetu hiyo ni siku nzima ya malipo iliyookolewa.

Na sababu yake naijua. Kitambaa cha tairi lenu kimefumwa kwa nyuzi nyembamba, 120 kwa inchi, na mpira uliopakwa juu yake ni mchache. Tairi likikanyaga kokoto linabonyea na kuikumbatia, gurudumu halirushwi juu. Na kwa kuwa ndani hakuna tyubu ya kubanwa kati ya jiwe na rimu, tunashusha upepo, kwa kipimo cha pampu kiitwacho PSI, hadi 32 mbele na 36 nyuma. Miiba ya migunga nayo, ambayo zamani ilitusimamisha mara tatu au nne kwa safari, sasa inaingia, maji ya kuziba pancha tunayomimina ndani ya tairi yanatoka povu kidogo, yanaganda, tunaendelea. Kwa upande wa meno, yaani sehemu inayokanyaga barabara, sina neno. Mmetengeneza kitu kizuri.

Tatizo ni ubavu.

Tarehe 17 Julai nilikuwa na wageni wanne, tumeshaipita Engaruka, mlima Kerimasi uko mbele yetu. Kipande kile mawe yake ni ya volkano, yenye makali kama yamepigwa nyundo jana. Tairi la nyuma la mgeni wa tatu lilitoa mlio kama kitambaa kinachopasuliwa, maji meupe yakamrukia mguuni mpaka gotini. Nilipolipindua gurudumu nilikuta mkato wa urefu wa kucha ya kidole gumba, sentimita moja na nusu juu ya rimu, mahali ambapo hakuna meno. Nilichomeka nyuzi za kuzibia, mbili, kisha tatu. Kwenye meno zingeshika. Pale hazikuwa na nyama ya kushikilia, zikatemwa zote mara tu nilipojaza upepo.

Ikabidi kuweka tyubu. Nilikata kipande cha kiroba cha sukari nilichofungia chakula, nikakilaza ndani ya mkato ili tyubu isitokeze, nikajaza. Dakika kumi baadaye tyubu ikaisha upepo. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtumiaji wa tyubulesi huku lazima alijue: miiba yote iliyokuwa imezibwa na yale maji bado ilikuwa imo ndani ya tairi, ncha zake zikiangalia ndani. Nilipitisha kidole polepole upande wa ndani wa tairi, nikaing'oa mmoja mmoja kwa meno ya koleo. Ilikuwa kumi na moja. Kijana mchunga mbuzi alinishikia gurudumu muda wote huo. Jua la saa saba, wageni wanne wamekaa kwenye kivuli cha mgunga mmoja, na tulifika kambini usiku.

Matairi mengine mawili yalichanika kwa namna hiyohiyo, moja tarehe 2 Agosti na jingine tarehe 19 Agosti. Kwa haya matatu sidai kitu. Jiwe ni jiwe, na niliyeamua kupita pale ni mimi.

Mawili yaliyobaki ni habari nyingine. Hayakuguswa na jiwe lolote. Tangu wiki ya kwanza yalikuwa yakitoa jasho: matone madogo ya maji ya kuziba yalijipanga ubavuni kama umande, pande zote mbili. Tairi jipya jembamba kutoa jasho siku mbili tatu ni kawaida, nalijua hilo, na maji yakishapenya kwenye vitundu na kuganda huacha. Haya hayakuacha. Tunayalaza na PSI 36, asubuhi tunakuta 22. Tuliongeza maji mara tatu, mililita 60 kila mara, na kwa joto la huku maji yenyewe hukauka upesi. Wiki ya saba, nyuzi za ubavu karibu na ukingo unaokaa kwenye rimu zilianza kuachana na mpira. Ukilibonyeza tairi kwa kidole gumba, unaona nyuzi zimelala wazi kama mkeka uliochakaa. Hakuna mkato. Kuliita hilo matumizi ya mteja si haki.

Mojawapo nililipasua kwa kisu ili nione. Lile tabaka la kinga mnalolisifu kwenye boksi linapita chini ya meno peke yake, linakoma kabla ya kufika ubavuni. Nikashika kipande cha ubavu kwa vidole viwili, nikakielekeza juani: mwanga unapenya katikati ya nyuzi. Basi, Ndugu Meneja, tairi hilo limeuzwa kwenye boksi lenye picha ya mwendeshaji kwenye mawe ya mlimani na maneno "kwa kila aina ya barabara". Gramu 430 zimeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la tairi. Kuhusu ubavu usio na kinga, boksi zima halina hata mstari.

Fundi wenu alinishauri kwa simu nipandishe upepo hadi PSI 45 ili ubavu usitanuke ukakutana na mawe. Nilimsikiliza, nikajaribu wiki mbili. Ulaini wote tuliousifu ukapotea, wageni wakaanza tena kupunga mikono. Na lile tairi la tarehe 19 Agosti lilichanika likiwa na PSI 45 hizohizo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tumelipia ulaini ambao hatuwezi kuutumia.

Ninacho cha kulinganisha nacho. Mwezi Machi mgeni mmoja aliyekuja kwa baiskeli kutoka Nairobi alituachia matairi yake mawili, ya kampuni nyingine, upana uleule wa milimita 40, ila kinga yake inashuka mpaka kwenye rimu. Nayatumia mimi mwenyewe, kwenye barabara zilezile, na mzigo wa vifaa vya kundi zima nyuma yangu. Mpaka leo hayana mkato. Nilimwomba mwenye duka la viungo hapa sokoni anipimie kwenye mzani wake: lao gramu 565, lenu gramu 441. Kisha nikabadilisha magurudumu kwenye baiskeli moja na kupita Mto wa Mbu hadi Selela mara mbili kwa siku moja. Upepo ukiwa sawa, tairi lenu ni laini zaidi, mikono inalisikia hilo bila ubishi. Lakini lile zito likiwa na PSI 30 linanipumzisha mikono kuliko lenu likiwa na 45, na PSI 30 naweza kuipeleka Ngaresero bila hofu.

Na uzito je? Tairi lenu limetupunguzia gramu 124, yaani 248 kwa baiskeli. Tangu Julai hatuthubutu kutoka bila kila baiskeli kubeba tyubu yake ya akiba, gramu 190, na kichupa cha maji ya kuziba, gramu 80. Jumla 270. Ule wepesi tulioununua umerudi begini, na tena umezidi.

Sisemi tairi jepesi lisiuzwe. Kuna watu wanaoendesha lami na barabara laini za udongo, au wanaoshindana huku gari la msaada likiwafuata, na kwao tairi hili ni chaguo sahihi. Hata kwetu, nikiulizwa, ningeliweka gurudumu la mbele: uzito mwingi wa mtu uko nyuma, mbele mwendeshaji anaona jiwe na kulikwepa, na mikono ndiyo inayohitaji huo ulaini zaidi. Matano yaliyoharibika, manne yalikuwa ya nyuma. Lakini nisingelazimika kulijua hilo kwa kuharibu matairi matano. Muuzaji wenu nilimweleza wazi siku ya kununua: mawe ya volkano, miiba, wageni wenye kilo 90, mbali na gari. Akanipa haya, akasema ndiyo bora mliyonayo.

Baadaye nimegundua kwamba mtengenezaji anatoa tairi hilihili, jina lilelile, kwa namna ya pili iliyoimarishwa ubavuni. Haliletwi kwenye duka lenu. Ningependa kujua kwa nini. Kama hofu yenu ni kwamba halitanunuliwa kwa sababu ni zito, njoeni mkae kituo cha mabasi cha hapa siku moja mwangalie vijana wanaobeba ndizi kwa baiskeli wanachagua tairi kwa kuangalia nini. Wanalibana ubavuni kwa vidole.

Ninachoomba ni hiki. Matairi mawili yaliyoachana nyuzi mnibadilishie, kwa sababu ni kasoro ya utengenezaji na nimewaandikia namba za mfululizo nyuma ya karatasi hii pamoja na picha nane. Yale matatu yaliyokatwa na mawe ni hasara yetu. Matairi saba mazima tuliyobaki nayo, niruhusuni nirudishe mawili ambayo yalikuwa ya nyuma, mnikatie thamani ya muda yaliyotumika, na kiasi kinachobaki kiende kwenye matairi yaliyoimarishwa mtakapoyaagiza. Tuko tayari kulipia tofauti na kusubiri meli. Na kwenye tangazo lenu na kwenye rafu ya duka, andikeni kwa Kiswahili kinachosomeka kwamba kinga ya tairi hili iko chini ya meno tu, ubavu hauna. Mstari mmoja unatosha. Mteja akishaujua, akiamua kulinunua, hatawapigia simu kama mimi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu sifa na matumizi ya bidhaa, na maneno "kwa kila aina ya barabara" nitayapeleka Tume ya Ushindani nikikosa majibu ndani ya siku 21. Ningependa isifike huko. Tumenunua kwenu kwa miaka minne, minyororo, breki na spoku, na hatujawahi kuandika barua.

Matairi mawili nimeyaosha, nimeyafunga kwenye kiroba kimoja pamoja na nakala ya risiti. Nitayapakia kwenye basi la asubuhi siku mtakayonijibu. Kundi letu linalofuata linafika tarehe 4 Oktoba, watu watano, na wameomba kwenda Ngaresero.

Wenu mteja,

Mwongoza watalii kwa baiskeli,
kwa niaba ya wenzangu watatu,
Mto wa Mbu.