Malalamiko kuhusu mikisa binafsi za kwaya na kitendo cha fundi wenu kwa mwimbaji wetu

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Masharti ya dhamana yenu mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayanukuu. Ninaandika kwa niaba ya kwaya kwa sababu simu zetu hazipokelewi tena, na kwa sababu yaliyotokea kwenye mazoezi ya Jumamosi, mkesha wa Sikukuu ya Mavuno, hayawezi kupita kimyakimya.

Mikisa ndogo mlizotufungia, yaani vifaa vya kuchanganyia sauti ambavyo kwavyo kila mpigaji na mwimbaji alipaswa kujipangia sauti anayoisikia masikioni, zinakwaruza na kukatika tangu siku zilipofungwa. Wakati wa majaribio sauti hutulia, kisha katikati ya pambio huanza kudonoadonoa na kupotea, hadi mpiga besi asisikie dramu. Fundi wenu alisema kebo ni mbovu. Tukanunua mpya kwa fedha zetu, na hakuna hata moja inayokaribia urefu wa mita 100 unaoruhusiwa. Akasema vifaa havifuati saa moja ya kidijitali, yaani mapigo ya pamoja yanayovifanya viende sawa. Tukahakikisha vyote vinaifuata saa ya mikisa kuu kwa kasi ileile ya kilohezi 48, na tatizo likabaki palepale. Ni fundi mitambo wetu, kijana anayejitolea bila malipo, aliyeitoa mikisa moja kwenye swichi ya mtandao, kile kifaa kinachounganisha kebo zote, na kuiunganisha moja kwa moja na mikisa kuu, sauti ikawa safi mpaka mwisho wa mazoezi. Kasoro basi iko kwenye swichi, nayo swichi mliyotuletea ni ya ofisini, yenye kipengele cha kubana umeme kiitwacho 802.3az, ambacho hulaza mlango wa kebo data inapopungua na hivyo kuvuruga mwendo wa saa ambao sauti ya mtandaoni inautegemea. Barua pepe ikichelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde hakuna anayejua, lakini sauti iliyo sikioni ikichelewa hivyo hukatika. Kampuni inayouza vifaa hivi ilipaswa kulijua hilo kabla yetu.

Tulimweleza fundi wenu hayo kwa heshima. Badala ya kusikiliza, alipanda jukwaani waimbaji wakiwa bado wamevaa vipokea sauti masikioni, akachomoa kebo na kuichomeka tena mitambo ikiwa imewashwa, bila kumwonya mtu na bila kuteremsha sauti. Mlio uliotoka ulimpata mwimbaji wetu wa sauti ya pili katika masikio yote mawili. Fundi wenu alimtazama, akasema, "Masikio yenu hayajazoea vitu vya kisasa."

Ofisi yenu, tulipolalamika, iliita jambo hilo usumbufu mdogo wa kiufundi. Basi nalirudia, ili asiwepo mtu hapo atakayesema hakuelewa. Binti huyo alikuwa amesimama mahali pake akimtazama mwalimu wa kwaya. Alipiga yowe, akaving'oa vipokea sauti, akaketi sakafuni akijishika kichwa, mbele ya mama yake mzazi ambaye ni mwanakwaya mwenzetu, na mtu aliyemuumiza akasema masikio yake hayajazoea vitu vya kisasa. Limita, ambayo kazi yake ni kuzuia sauti isipande ghafla, ilikuwa imezimwa na fundi huyohuyo alipokuja awali, akidai inaifanya sauti iwe hafifu. Kesho yake, siku ya Mavuno, binti hakuimba. Alikuwa hospitalini, masikio yakimlia.

Tunataka swichi ibadilishwe bila malipo na kuwekwa inayofaa kwa sauti, limita iwashwe katika kila mikisa, na fundi huyo aombe radhi kwa binti na mama yake, ana kwa ana.

Nilikusudia kuishia hapo. Hata hivyo, kabla sijaifunga barua hii mhazini ameniletea ankara yenu, inayotudai gharama za ujio wa fundi siku ileile ya mkesha. Mnatutoza kwa kuumiziwa mwimbaji! Kwa hiyo tunataka pia ankara hiyo ifutwe kwa maandishi, gharama zote za matibabu mzilipe ninyi, na fundi huyo asikanyage tena kanisani kwetu kwa kazi yoyote. Radhi ataiomba nyumbani kwa binti, akiongozana nawe Meneja.

Yasipotekelezwa yote ndani ya siku 14 tangu mpokeapo barua hii, tutawarudishia vifaa vyote na kudai fedha yetu kamili, tutapeleka malalamiko Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na suala la madhara ya mwili tutalifikisha mahakamani. Ripoti ya daktari tunayo, na waliokuwepo jukwaani wote wako tayari kutoa ushahidi.

Katibu wa Kwaya

Nakala: Mchungaji Kiongozi
Mwenyekiti wa Kwaya
Mhazini