Dada wa famasi, asante sana

Dada uliyekuwa dirishani siku ile, jina lako sikuuliza ila nakushukuru mno aisee. Mdogo wangu ana uvimbe kwenye tezi ya pituitari (ile ndogo chini ya ubongo), ule unaomwaga kupita kiasi prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, akaanzishiwa dawa ya kabegolini na kweli uvimbe ukanywea, hedhi ikarudi, maziwa yakakata, sote tukashangilia. Kumbe huku nyuma mtu halali, ananunua vitu hovyo kwenye simu usiku kucha, anabeti, yeye ambaye hata karata hachezi! Wengine wakasema pepo, wengine tabia tu (watu bwana).

Wewe ukamuuliza kwa upole, "tangu uanze hii dawa kuna kitu unashindwa kujizuia?" akalia palepale. Ukatueleza kwamba inaigiza dopamini, kemikali ya ubongo, ndo inavyoshusha prolaktini, lakini inaweza kugusa pia sehemu za ubongo zinazohusika na raha na kujizuia, na dawa mwenzake, bromokriptini, nayo hivyohivyo. Ukakazania asiikatishe mwenyewe, arudi kwa daktari wa homoni. Karudi, kapunguziwa dozi, kubeti kumeisha na usingizi anapata. Mungu akubariki dada yangu, na bosi wako akuongeze mshahara.