Kwa Mama Junior, kuhusu ile voisi yako

Mama Junior wangu,

Shikamoo ya Junior nimeipata, mwambie marahaba na aache kukusumbua na hiyo simu. Voisi yako nimeisikiliza nikiwa kwenye basi natoka shifti ya usiku, nikacheka kwa sauti mpaka baba mmoja wa siti ya mbele akageuka, na huku mtu akigeuka kukuangalia kwenye basi ujue umezidisha. Eti "wewe ulienda Ulaya kutafuta maisha au kupanda milima?" Halafu lile la mtihani wa QT, ule wa maarifa, umelichomeka mwishoni haraka haraka kama vile halina uzito, eti na umri huu utakaaje chumba kimoja na watoto wa juzi. Mimi nakujua shosti, hilo la mwisho ndo lilikuwa lenyewe. Sasa nakuandikia, utasoma taratibu ukishafunga meza.

Nianze na milima manake najua hata mama anaisema huko nyumbani. Kwanza hela haiendi huko, nataka ulijue hilo mapema. Kutembea huku Norway ni bure kabisa, kuna sheria yao ya mwaka 1957 inayompa mtu yeyote, mwenyeji au mgeni, haki ya kupita kwenye pori na milima hata kama ardhi ni ya mtu, unaruhusiwa na kupiga hema mpaka siku mbili ilimradi uwe mita 150 kutoka kwenye nyumba ya mtu na usiguse shamba lililolimwa. Mimi mara ya kwanza kuambiwa hivo sikuamini, kwetu Marangu ukikata kona tu kwenye kihamba cha mtu unaulizwa wewe ni mtoto wa nani na unaenda wapi. Vifaa navyo sehemu nyingi unaazima bure kabisa, mabegi, skii, mahema, kama unavyoazima kitabu maktaba. Kwa hiyo nauli ya basi, chai kwenye chupa, na mkate wangu niliofunga nyumbani, basi.

Mji wenyewe huu wa Bergen umezungukwa na milima saba, mrefu kuliko yote unaitwa Ulriken una mita 643, yaani kwetu sisi hicho ni kilima cha kwenda kukata majani ya ng'ombe. Na nikuambie kitu utacheka, mlima mrefu kuliko yote Norway nzima, Galdhøpiggen, una mita 2,469. Haufiki hata kibanda cha Mandara pale kwetu Kilimanjaro! Mandara ipo 2,720 na pale wageni wetu wanalala siku ya kwanza tu wakiwa bado hawajaanza kuumwa kichwa. Nilipowaambia kazini kwamba nimezaliwa chini ya mlima wa mita 5,895 wote wakaniuliza kwa pamoja, kumbe umeshafika juu? Nikawaambia hapana, kwetu kupanda mlima ni kazi, kaka yangu amekuwa mgumu miaka mingi anabebea watu mizigo, anapanda na kushuka kwa posho. Wakanyamaza kidogo. Hawakuwa wamewahi kufikiria kwamba kuna mtu anaweza kuishi mlangoni kwa mlima na asiuone kama starehe. Na mimi sikuwa nimewahi kufikiria kwamba kuna mtu anaweza kuuona kama starehe, tukiwa wadogo si tulikuwa tunakaa pale barabarani tunawacheka wale wazungu wanaolipa hela ili wachoke.

Sasa kilichonipeleka mimi huko juu sio starehe, ni lugha. Hapo ndo watu hawanielewi. Hawa ndugu zangu wa huku chini mjini hawaongei. Basi zima kimya, kila mtu anatafuta siti asikae karibu na mwenzie, jirani yako wa ukuta kwa ukuta mnaweza kumaliza mwaka mnapeana vichwa tu. Darasani nilifundishwa kinorway cha vitabuni kizuri, nikaenda kazini kuhudumia wazee, nikakutana na hao wazee wa Bergen wanaongea cha kwao, r inatokea kooni huko, bibi anataka maji mimi naenda kumletea blanketi. Nikawa naogopa kufungua mdomo. Alikuwepo mwenzangu mmoja wa kazini, mama wa miaka sitini na kitu, akaniambia jumamosi twende matembezi na kikundi chao, nikakubali kwa heshima tu kwa sababu kumkatalia mtu mzima sio vizuri.

Aisee kule juu ni watu wengine kabisa! Walewale wasiokusalimia kwenye ngazi za jengo, kwenye njia ya mlimani kila unayepishana nae anakusalimia na kutabasamu na kukuambia huko mbele kuna utelezi. Na kuongea wakati mnatembea ni rahisi kuliko kuongea mmekaa, hili nimelichunguza sana. Mnafuatana kwa mstari, hakuna anayekukodolea macho, ukikosa neno unalitafuta taratibu mpaka mmevuka mto na hakuna anayeona umenyamaza muda mrefu, ukilipata unalisema. Majina ya mawe, majani, aina za theluji, goti, kisigino, nyonga, "nimechoka", "subiri", "ngoja nivue koti", yote nimeyaokota huko, na haya ya mwili ndo hayohayo ninayoyatumia kazini kila siku na wazee wangu. Kwa hiyo mama akisema natembea tembea ovyo mwambie nilikuwa shule.

Mvua sikufichi. Mwaka 2006 kuingia 2007 huu mji ulipata mvua siku 85 mfululizo, bila kuruka hata moja, masika yetu ni cha mtoto. Na mwezi wa kumi na mbili saa tisa na nusu alasiri jua limeshazama, unatoka kazini giza, umeingia kazini giza, na hapo ndo watu wa kwetu wengi wanaumwa ile huzuni isiyo na sababu. Wenyewe wana usemi wao kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu, nimeusikia mpaka umenichosha, lakini kwenye nguo wako sahihi. Ndani unavaa sufu, pamba hapana, pamba ikilowa inakugandisha.

Kuna kitu kingine lazima nikusimulie manake wewe ni mfanyabiashara. Hawa watu wana chama chao cha watembea milimani, DNT, kimeanzishwa 1868, kina vibanda zaidi ya 500 nchi nzima. Vingine vina wahudumu na chakula cha moto, lakini vile ninavyovipenda mimi havina mtu. Yaani hamna mlinzi, hamna mhudumu. Mwanachama anachukua ufunguo, na ufunguo ni wa aina moja unaofungua karibu vibanda vyote vya namna hiyo, mnafika jioni mmelowa chapachapa mnafungua mnawasha jiko la kuni, kuna vitanda na mablanketi, na kwenye stoo kuna chakula kwenye rafu, makopo, unga, mchele, kahawa, biskuti. Unachukua unachotaka, unaandika mwenyewe umechukua nini, unalipa. Asubuhi unafagia, unakata kuni za atakayekuja, unachota maji, unafunga unaondoka. Mara ya kwanza mimi nilikuwa nazunguka naangalia kama kuna kamera, nakwambia ukweli! Nikawaza duka la namna hiyo pale sokoni kwenu Memorial, ungelifunga saa ngapi? Ila nikawaza pia vikoba vyetu, si mna daftari tu na kufuli, na hela za akina mama zinakaa miaka. Kwa hiyo sio kwamba hatuwezi.

Na ngazi, nisisahau. Huu Ulriken una ngazi za mawe zaidi ya 1,300 kwenda juu, na waliozijenga sio wanorway, ni masherpa kutoka Nepal, wanakuja huku wanajenga njia za mawe milimani kwa mikono kwa sababu wanajua mawe kuliko mtu yeyote. Kila nikipanda pale namkumbuka kaka. Huku masherpa wanaitwa mafundi, magazeti yanawaandika, watu wanazitaja kazi zao kwa heshima. Wagumu wetu wanaoijua ile njia ya Kibo hata usiku wa giza nani anawaita mafundi? Nimemwambia kaka, akacheka tu, akasema nitumie buti.

Wana na kanuni zao tisa za mlimani, watoto wanazijua, zinachapishwa mpaka kwenye karatasi ya chokoleti yao moja inaitwa Kvikk Lunsj. Zilianza kusambazwa kwa nguvu baada ya Pasaka ya 1967 watu 18 walipofia milimani kwa dhoruba na ajali. Ya nane ndo yangu, inasema geuka mapema, kurudi sio aibu. Na wanaifuata kweli. Kuna siku tulikuwa tumebakiza kidogo sana, kilele tunakiona, ukungu ukaanza kushuka, kiongozi akasimama akasema tunarudi, watu wazima kumi na kitu wakageuka bila neno, mmoja akauliza tu nani ana kahawa. Kaka anasema kwetu mgeni anatapika, haoni vizuri, bado anasema twende kwa sababu ameshalipa na ameshawaaga watu kwao.

Haya sasa la kwako.

Unaniuliza kama sioni aibu kusoma na umri huu. Nilikuwa naona, sasa sioni, na sio kwa sababu mimi ni jasiri, ni kwa sababu hapa hakuna anayekuangalia. Kuna utaratibu kwamba ukishafanya kazi ya kuhudumia wazee miaka mitano unaruhusiwa kwenda kufanya mtihani wa nadharia halafu wa vitendo, unapata cheti cha ufundi kamili kama aliyesomea, na mshahara unapanda. Darasa letu la jioni limejaa watu wazima, dada wa Eritrea ana wajukuu, baba wa Poland alikuwa dereva wa lori sasa anataka kuwa muuguzi msaidizi, na yule mama aliyenipeleka mlimani anasoma kihispania kwenye kozi za jioni, hana sababu yoyote, anataka tu. Nilimuuliza utakitumia wapi, akaniangalia kama nimeuliza kitu cha ajabu.

Wewe umeniambia mwenyewe unataka QT. Ukifaulu hiyo njia ya form four kama mtahiniwa wa kujitegemea imefunguka, na hesabu wewe unapiga za kufungua balo la mitumba na kujua kwa macho tu ndani kuna faida kiasi gani, hao watoto unaowaogopa hawawezi hizo. Chumba cha mtihani kila mtu anaangalia karatasi yake mama Junior, hao watoto wana hofu zao. Kinachokusumbua wewe ni wale majirani wa meza watakaosema. Watasema. Walisema pia ulipoanza kuuza viatu ukiwa na mimba ya Junior, sasa hivi wanakuja kukukopa mtaji.

Nenda kaulizie kituo cha kujiandikisha na ada ni kiasi gani, usiniambie utaangalia, nenda. Ada nusu natoa mimi, nusu toa wewe, nikitoa yote najua utaacha, usikasirike.

Na mimi nina ombi. Mwezi wa kumi na mbili nikija, tupande mpaka Mandara tu, kwenda na kurudi siku moja, mimi wewe na Junior, na kaka atuongoze kama mafundi wanavyoongoza. Kiingilio kwa sisi wenye nchi ni kidogo sana kuliko cha wageni, kaka ataulizia. Tumekaa chini ya ule mlima miaka yote hatujawahi kuingia hata kwenye ule msitu kwa miguu yetu wenyewe kama watu wenye nafasi. Buti usinunue dukani, wewe umekaa juu ya viatu kutwa nzima, balo likifunguliwa niwekee pea moja namba 39, zisiwe zimeisha soli, na bei unifanyie ya ndugu.

Msalimie mama, usimwambie bado habari ya Mandara.

Mwenzio wa Bergen