Mwanaidi, kuhusu hizo zamu zako za usiku

Shosti wangu Mwanaidi,

Mambo? Mama hajambo, na mguu wake je? Huku wazima wote, joto la Dar unalijua. Kimya changu nisamehe bure, ratiba ya kuruka imebana na nikitua nalala tu.

Hongera tena ya leseni ya kuongoza ndege! Mama Rehema alinipigia kabla hata meseji yako haijafika, analia kwa furaha utadhani kapewa yeye. Ila kuna sentensi moja umeniandikia imenikaa rohoni, pale unaposema unaanza zamu za usiku na huna presha maana usiku ndege chache, mmoja anabaki kwenye rada mwenzake anaenda kujinyoosha. Niliisoma nikaendelea na mambo yangu, af jioni nikairudia, kesho yake tena. Ndo maana unaona barua ndefu badala ya voisi noti.

Najua ajali ya Überlingen mmesomeshwa. Sisi pia. Lakini nisome tu, maana nataka uisome ukiwa umekaa kwenye kile kiti na sio darasani. Tarehe 1 Julai 2002, usiku, anga la kusini mwa Ujerumani linaongozwa kutoka Zurich, Uswisi. Ndege chache! Wako waongoza ndege wawili zamuni, mmoja kaenda kupumzika na ndo ilikuwa kawaida yao, wakubwa wanajua wanaacha. Kabaki Peter Nielsen peke yake na skrini mbili. Usiku huohuo mafundi wako kwenye mitambo, kwa hiyo lile onyo la rada ambalo lingemwonyesha mapema halifanyi kazi, simu kuu imezimwa, ya akiba mbovu. Mara inatokea Airbus iliyochelewa inataka kutua uwanja wa Friedrichshafen, anahangaika kuwapigia wa huko, haitoki. Wenzake wa kituo cha Karlsruhe, Ujerumani, wanaona kwenye rada yao Tupolev ya abiria ya Bashkirian na Boeing ya mizigo ya DHL zinaendeana, zote futi 36,000, wanapiga Zurich kumshtua, haiingii. Unaiona hatari iliyo mbele ya mwenzako na huna namna ya kumfikia. Sijui ningefanya nini ningekuwa mmoja wa wale wa Karlsruhe.

Alipogeukia ile skrini zimebaki sekunde 43. Akaiambia Tupolev ishuke. Sekunde 7 baadaye TCAS ya Tupolev, ile mashine ya ndani ya ndege ya kuzuia mgongano, ikasema panda, na muda uleule ya Boeing ikasema shuka, maana zile mashine zinaongea zenyewe kwa transponda zikakubaliana nani juu nani chini. Boeing ikashuka. Tupolev nayo ikashuka kwa sababu binadamu wa redioni kasema shuka, akarudia na kuwahimiza. Zikagongana, wakafa watu 71, wengi watoto wa shule kutoka Ufa, Urusi, wanaenda likizo Hispania.

Kinachonimaliza mimi ni yule rubani msaidizi wa Tupolev. Kwenye kinasa sauti anasikika anasema, inasema panda. Kapteni anamjibu, yule anatushusha. Sekunde za mwisho akasema tena kwamba inasema panda. Mwanaidi, mimi pia ni rubani msaidizi. Kaona sawa, kasema sawa, na mbele yake kuna wakubwa na kwenye redio kuna sauti ya mtu ina uhakika. Na siwalaumu wale makapteni kirahisi hivyo, maana vitabu vyao vya wakati ule vilikuwa vinawavuta huku na huku, vingine vinampa nguvu muongoza ndege.

Juzi nilikuwa simuleta, na mwalimu akanifanyia hilohilo. Tuko juu tumetulia, ikalia trafiki, trafiki, unaanza kuchungulia dirishani huoni kitu, af ikaja panda, panda, na papohapo mwalimu kwenye hedifoni, anaigiza muongoza ndege, ananiambia kwa sauti ya upole kabisa nishuke mara moja. Una kama sekunde 5 uwe umeshaanza kuitikia. Nikazima otopailoti, nikavuta usukani taratibu mpaka mshale wa kasi ya kupanda ukaingia kwenye kijani, nyekundu huigusi. Kapteni akasema redioni TCAS RA, yaani mashine imetupa amri na tunaifuata. Nakwambia ile sauti ya mtu ina nguvu ya ajabu, mkono unataka kuitii wenyewe, na mimi nilikuwa najua ni mazoezi tu.

Sasa ombi langu ndo hili, na nimeshalisema mara mbili kwenye simu ila nalirudia: ukisikia rubani anasema TCAS RA, mjibu umesikia, basi. Usimwambie panda, usimwambie shuka, usimwambie kata kushoto, hata kama rada yako inakuonyesha kingine, mpaka akwambie amemaliza. Rada yako inachelewa kidogo, ile mashine iko palepale inauliza na kujibiwa kila sekunde. Japan walishaliona hili Januari 2001, ndege mbili za Japan Airlines zilikoswakoswa na watu kama 100 wakaumia, sababu ileile, muongoza ndege alichanganya namba za safari na kapteni wa mojawapo, Boeing 747, akamfuata yeye akaacha mashine. Mwaka mmoja na nusu baadaye ndo Überlingen. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, wakaja kuikaza sheria 2003, kwamba amri ya mashine inafuatwa hata ikipingana na ya muongoza ndege. Inaniuma kwamba onyo lilikuwepo mapema vile.

Na usije ukaniambia hayo ya Ulaya. Machi 2024 Nairobi, Dash 8 ya abiria na Cessna ya mafunzo ziligongana karibu na uwanja wa Wilson, waliokuwa kwenye Cessna wote wawili wakafa. Hapo kwa jirani kabisa.

Ila kubwa kwangu sio hata mashine. Nielsen alikuja kuuliwa mlangoni kwake Februari 2004 na baba aliyefiwa na mke na watoto wawili kwenye ile ndege. 2007 mahakama ya Uswisi ikawatia hatiani wanne wa kampuni yake, wakubwa ndani yake, na mimi naona ndo haki, yule kijana aliachwa peke yake na mitambo imezimwa na hakuna aliyemwambia vizuri nini kimezimwa. Mtu akikwambia baki peke yako usiku kwa sababu ndege chache, kataa. Kataa kwa maandishi. Wakikununia wakununie.

Sasa niambie, usiku mko wangapi kwa kweli? Mwenzako akipumzika anapumzika chumba kilekile au anaondoka jengoni? Mafundi wakija kuna karatasi wanasaini kabla hawajazima kitu? Simu ya akiba mnaijaribu kila zamu au ipo tu? Na Kassim bado anakufundisha au wameshakuacha mwenyewe? Anza na hilo la simu, ukiweza nijibu kabla zamu ya kwanza haijaanza.

Wako,
Zuu