Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: tunaomba pipa moja la dizeli

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Tunakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Ungetuitikia "kazi iendelee", ila kazi yenyewe imesimama tangu Jumanne, sheli ya mjini ilipokataa kutujazia mapipa kwa agizo la ofisi yako. Matrekta mawili yakazuiwa na tela zake zenye mapipa matupu. Matupu, Mheshimiwa.

Agizo tumelisoma. Linasema mafuta kwenye vyombo ni hatari ya moto. Kwa petroli hatubishi, mvuke wake unadaka cheche hata kwenye baridi. Dizeli haitoi mvuke wa kushika moto mpaka ipashwe kupita nyuzi 50 hivi. Agizo limezitia zote kapu moja.

Mwezi wa nane ulisema mwenyewe, tena kwa kipaza sauti, kwamba wenye matrekta ya kulimia watu watapata kibali kabla ya mvua. Mvua ya kwanza imeshashuka.

Huenda waliokushauri wanadhani trekta linakwenda sheli kama bodaboda. Massey Ferguson 290 lenye plau ya sahani tatu linakula lita 6 hadi 7 kwa ekari. Likilima ekari 8 kwa siku, lita 50 na ushee zimekwenda. Kutoka mashambani hadi sheli ni kilomita 38. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, kwenda na kurudi ni saa tatu, na njiani zinaungua lita 18 au 20, mafuta ya kulima karibu ekari tatu. Kashata za tairi za nyuma nazo zinasagwa na changarawe bure.

Kwa hiyo madereva wananunua dizeli ya vichochoroni, maana katazo halikumaliza madumu, limeyahamishia nyuma ya nyumba. Hiyo dizeli inatoka wapi? Tunashuku ni ya kunyonywa kwenye malori, halafu inaongezewa maji ili dumu lijae. Tunachoona kwa macho ni kikombe cha kioo chini ya filta: asubuhi nusu yake ni maji, na juu ya maji kuna utando wa kahawia.

Pampu ya nozeli ya matrekta haya ya zamani, ile inayosukuma dizeli kwenye injini, ni aina ya CAV ya kuzunguka, na haina oili yake. Inalainishwa na dizeli hiyo hiyo inayopita ndani, na rota yake, yaani chuma kinachozunguka ndani, imebana kwenye nyumba yake kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Maji yakiingia, inashika kutu na kukwaruzika. Dalili yake kila dereva anaijua: asubuhi trekta linawaka vizuri, mchana likishapata moto ukilizima linagoma, mpaka pampu imwagiwe maji baridi. Hapo fundi wa kijijini hana la kufanya. Pampu inafunguliwa, inapelekwa mjini kwa mwenye mashine ya kupimia, na msimu haungoji.

Hata filta ikiziba tu, nusu siku inaweza kwenda. Unabadilisha filta, unalegeza skrubu ya kutolea upepo juu yake, unapampu kwa mkono wa pampu ndogo ya kuvuta mafuta mpaka povu liishe, kisha unatoa upepo kwenye pampu ya nozeli, kisha nati za mabomba kwenye nozeli huku mtu akipiga stata. Mkono wa pampu ndogo ukiwa mlegevu bila kusukuma kitu, injini imesimama kwenye kambi, yaani nundu ya shafti inayoisukuma pampu hiyo. Injini izungushwe mzunguko mmoja, urudie. Wasiojua hili wanachosha betri hadi jioni.

Pipa linazuia haya yote. Liwe la chuma tupu, si la mabati yenye zinki, kwa sababu dizeli inaila zinki na uchafu wake unaziba filta. Lilazwe limeinama, litulie usiku kucha, na bomba la kunyonyea liishie vidole vitatu juu ya kitako. Tangi lijazwe jioni, unyevu wa usiku usipate nafasi. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukifanya kabla hatujageuzwa wahalifu.

Tunaomba kibali cha pipa moja la lita 200 kwa kila trekta. Kiandikwe namba ya usajili, kiwekewe tarehe ya mwisho, hata Machi. Mkitaka kukagua mapipa, njooni shambani mchana, mtatukuta tumekaa. Wakulima walioshalipa nusu wanapiga simu kila saa, na mbegu za alizeti ziko ndani ya magunia. Pipa moja, Mheshimiwa, hatuombi bohari.

Nakala za kadi za matrekta ziko kwa katibu wako tangu mwezi wa tisa. Hazihitaji kikao, zinahitaji muhuri.

Ni sisi,
Wenye matrekta na madereva wa kulima kwa kukodisha