Usivuke kwanza

Kaloleni, Kisumu
Jumatano, baada ya isha

Mwanangu Rukia,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya tatu nikamwomba Swaleh anisomee yeye, nisikie kama utabadilika. Haukubadilika. Bado unasema Jumatatu unapanda gari la Sori, unalala huko, alfajiri unaingia mashua ya Migingo, kile kisiwa cha Ziwa Victoria wanachogombania Kenya na Uganda. Peke yako, na simu, na dodoso lako mkobani. Mama, usivuke kwanza.

Utafiti siukatai. Wenzangu wa chama wakiniuliza unasomea nini nawaambia mkakati na uhusiano wa kimataifa bila ulimi kukwama, na yule jirani ambaye mwanawe yuko Qatar hunyamaza kidogo. Najua hakuna mfadhili nyuma yako, karo unajilipia, na msimamizi mwenyewe unamvizia mlangoni. Najua pia ni nani aliyekushikilia usomee ugavi kwa kuwa mkakati hauleti unga. Tusirudi huko.

Lakini kila nikikupigia unanitajia kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya sayansi, kana kwamba ni hirizi. Kibali hicho ni cha Kenya. Utampelekea kamishna wa kaunti kule Migori akione, vizuri. Ukishuka pale kwenye jiwe ukakutana na polisi wa Uganda, ambao walianza kukaa pale 2004, utawaonyesha nini? Uganda wana baraza lao la sayansi na teknolojia, na mtafiti huomba ruhusa huko. Kitambulisho kinakuvusha Busia ukanunue vitenge. Kuuliza wavuvi wanamlipa nani ushuru ni habari nyingine. Na wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza kwamba ukiomba ruhusa Kampala utakuwa kama umekubali kisiwa ni chao, na usipoomba unaweza kukamatwa. Basi kama serikali mbili hazijalimaliza jambo hilo tangu wapimaji wao walipopelekwa ziwani 2009, wewe utalimaliza na mkoba?

Pale pana nusu ekari hivi, Rukia. Mabati yamebanana hata upepo unapita kwa taabu. Ukitaka kukimbia, utakimbilia majini.

Naam, nimefika huko. Mara moja tu, nikifuata samaki wa kuchuuza. Hukuambiwa kwa sababu baba yako naye hakuambiwa, alidhani nimelala Sori kwa kukosa gari. Watu wenye sare, wa upande gani sisemi, walituweka ndani ya mashua tangu asubuhi mpaka jua linazama, na samaki waliokuwamo wakawa wao. Hakuna aliyenigusa. Lakini hukai siku nzima juani, barafu ikigeuka maji miguuni pako, kisha ukamruhusu mwanao aende kuuliza maswali hapo hapo.

Siku ile uliponisomea ile Amri ya Mwingereza ya 1926, mstari wa mpaka unavyopita kisiwa cha Pyramid na Mageta hadi mdomo wa mto Sio, nilijifanya nasinzia. Nilikuwa nawaza: mstari kauchora Mwingereza, mbuta, yule samaki mkubwa tunayemchuuza, naye akatiwa ziwani miaka ya 1950, enzi zake hizo hizo, na leo sisi ndio tunaokamatana. Museveni alisema 2009 kwamba kisiwa ni cha Kenya ila maji ni ya Uganda. Watu walicheka. Sisi wenye masanduku ya barafu hatukucheka, maana samaki hakai juu ya jiwe. Kwa hiyo ile sura yako ya pili, yenye kurasa na kurasa za jiwe ni la nani, mimi ningeikata. Andika samaki. Andika mabondo, ule mfuko wa hewa tumboni mwa mbuta. Zamani tuliwatupia paka, leo unakaushwa, unasafirishwa mpaka China, kilo yake inaipita mbali kilo ya mnofu. Hapo ndipo utaona kwa nini mtu analinda jiwe kwa bunduki.

Sasa, yale madaftari niliyokuambia yaliliwa na mchwa. Hayakuliwa yote. Manne yapo. Nimeandika tarehe, ufuo, kilo, bei, jina la mashua. Kurasa zimeshikana kwa mafuta na magamba, lakini ukizibandua polepole kwa kisu butu hazichaniki. Jana usiku nilifungua la 2009. Aprili inaanza kilo 140, inashuka 120, inashuka 35, halafu siku kumi na moja ni neno moja tu kwa kalamu nyekundu: hakuna. Safu ya mwisho haina kichwa, ina herufi na pesa. Hiyo ndiyo iliyozaa mchwa. Ni hela zilizotoka mkononi mwangu ili mzigo upite, na sikulazimishwa kila mara. Ukizitumia, usiandike mamangu. Andika mchuuzi mmoja wa Kisumu. Na hizo herufi uzifunike.

Wako pia mama wawili wa soko la Kibuye tuliokuwa tukinunua pamoja. Nimeshawadokeza. Mmoja atataka nauli na atasema mengi kuliko unayouliza, mvumilie, anayajua ya kisiwa cha Usingo pia. Anza na hao. Barua ya Kampala iombwe kupitia chuo, msimamizi aitie sahihi, ijibiwe, ndipo tuzungumze mashua. Ikichelewa, ichelewe.

Zile elfu nne za mashua sitatuma. Si kwamba sina. Sawa, sina pia, fundi wa paa amezichukua na bado sebuleni panavuja, beseni liko pale pale unapopenda kukaa. Presha ya baba yako imeshuka, ila chumvi anaificha. Swaleh anasema hisabati ya jaribio ilikuwa rahisi, jambo linalonitia wasiwasi. Tokeni za stima zinaisha kabla ya wiki kwisha, nashuku hiyo friza ya zamani, nayo siwezi kuiuza.

Njoo Jumamosi badala ya kwenda Sori Jumatatu. Madaftari yako kwenye gunia la mchele, nyuma ya kabati la wageni. Lete boksi lenye kifuniko, bado yananuka. Ukikuta mlango umefungwa, niko Kibuye.

Mamako