Wauzaji wa samaki wa bahari, tuambieni ukweli kabla hatujalipa

Mhariri, naomba kanafasi, maana hili jambo linaniuma na naona watu hapa Dodoma wanazidi kuvutiwa na matangi ya samaki wa maji chumvi, saluni ninayonyolea wanalo na sebuleni kwa watu nimeshayaona mawili matatu.

Mwaka jana nilikuwa Dar kikazi nikapita sehemu wanapouza samaki wa mapambo nikamuona samaki mdogo aina ya enjeli, huyu ambaye wavuvi wa pwani wanamwita kitatange, saizi ya kiberiti, bluu iliyoiva halafu ana miduara myeupe ndani ya miduara kama mtu kachora kwa kalamu. Jamani alikuwa mzuri. Nikamuuliza muuzaji anakua mpaka wapi, akasema huyo ndo saizi yake na tangi la lita 120 linamtosha kabisa, chumvi yoyote inafaa, na tena ninyi wa Dodoma maji yenu si yana chumvichumvi tayari. Nikapanda naye treni ya SGR, mfuko nimeupakata njia nzima.

Siku hiyohiyo nikajaza tangi maji ya bomba, nikatia chumvi ya kupikia, nikamuweka. Siku ya nne akawa anahema juujuu, mashavu yanafunguka haraka haraka, chakula hataki. Nikajaribu kumuhamishia kwenye ndoo kwa kutumia wavu, kile kimwiba alichonacho chini ya shavu kikanasa kwenye nyuzi, kadiri anavyojipigapiga ndo anazidi kunasa mpaka nikakata wavu kwa mkasi. Asubuhi yake nikamkuta amekufa. Mwanangu wa darasa la pili alilia sana na mimi sikuwa na cha kumwambia.

Baadae nikakutana na jamaa mmoja wa mtaa wa Kisasa anayefuga samaki miaka mingi ndo akanielewesha. Kwanza yule akikua ile miduara yote inapotea anakuwa na mistari ya njano na bluu, na anafika sentimita 40, sasa lita 120 ataogelea wapi? Pili chumvi ya jikoni sio bahari, bahari ina magnesiamu, kalsiamu na mengine kibao kwahiyo inatakiwa chumvi maalumu ya akwariamu, kama gramu 35 kwa lita moja, na chumvi ya maji ya visima vyetu ni kitu kingine kabisa. Tatu, na hii ndo iliyomuua wangu naamini, tangi jipya halina wale bakteria wa kuvunja amonia, ile sumu inayotoka kwenye kinyesi na mabaki ya chakula, inabidi uliache wiki 4 mpaka 6 likomae, upime maji, amonia iwe sifuri, ndo ulete samaki. Mwezi mzima unaangalia maji matupu! Lakini hakuna njia ya mkato hapo.

Na huku kwetu kuna mambo yake. Hewa ni kavu, upepo wa Juni mpaka Agosti unakausha maji, kila asubuhi nakuta yameshuka, na yanayopungua ni maji tu chumvi inabaki, kwahiyo unajazia yasiyo na chumvi, mimi natumia ya dumu yaliyochujwa. Usiku wa Julai baridi ni kali, bila hita maji yanashuka chini ya nyuzi 24 ambazo samaki huyu anazitaka, na umeme ukikatika uwe na pampu ya hewa ya betri la sivyo utaamka kwenye msiba.

Sasa hivi nina tangi la lita 300 na enjeli mmoja mdogo wa ile jamii ya mgongo wa njano inayopatikana hukuhuku Afrika Mashariki, huyu anaishia kama sentimita 8, anakula mwani kwenye mawe kutwa nzima, ana afya.

Ombi langu kwa wauzaji ni dogo. Enjeli karibu wote wanatolewa baharini wakiwa hai, hawazalishwi kama kuku, kwahiyo kila anayekufa kwenye tangi la siku moja ametolewa kwenye miamba bure. Andikeni kwenye kioo saizi ya samaki akishakua na lita anazohitaji. Na mteja akiuliza yule wa miduara anafika wapi, mnyooshee mkono umuoneshe, kuanzia ncha ya vidole mpaka kwenye kiwiko.

Msomaji wenu,
Area C, Dodoma